Cheti Kilichovuka Kabla Yangu

8 Machi

Kosa wanalolifanya wengi ni kudhani kwamba cheti cha afya kimo ndani ya simu. Hakimo. Simu ni dirisha tu. Cheti chenyewe kimekaa mbali, kwenye mashine za wizara, na kila kinapomulikwa darajani, au kambini wanakotengwa wagonjwa, kinaandikiwa jambo jipya: huyu kapita, huyu karudi, huyu kaugua. Kwa hiyo hakifanani na ngazi, ambayo unaweza kumwazima jirani na ikarudi ilivyotoka.

Hayo niliwaeleza leo majirani wanne waliojibanza mlangoni kwangu mvua ilipoanza. Nilifundisha kemia mpaka nikastaafu, na mtaa umezoea kunivumilia.

"Mwalimu," akasema kinyozi, "mvua ikikatika utaturuhusu twende, au kuna mtihani?"

Tukacheka. Hii ndiyo mvua ya kwanza ya msimu, na naandika ili niukumbuke ulivyoanza.

Mto unaukata mji wetu katikati. Upande wa pili ni nchi nyingine, lakini nusu ya ndugu zetu wako huko. Nikisimama kwenye dirisha la jikoni naliona paa jekundu la dada yangu mkubwa, naona hata nguo zake kambani. Zamani, kiangazi, watu walipandisha suruali wakavuka kwa miguu. Sasa kwa sababu ya ugonjwa kuna daraja tu, Jumanne na Ijumaa, na hupiti bila ule mraba wenye vidoadoa vyeusi ndani ya simu. Afisa anaumulika kwa mashine. Ikitoka kijani unapita. Ikitoka nyekundu unarudi ulikotoka.

Simu yangu ni ya vitufe, haiwezi kuonyesha mraba huo. Cheti changu anacho mkwe wangu, mume wa binti yangu, mwenye duka la simu na fotokopi mwisho wa mtaa. Anavyo vya wazee karibu wote wa hapa. Anavichapa kwenye karatasi mtu anapotaka kusafiri.

"Mama," aliniambia, "chako kiko salama kwangu kuliko hata kwako."

11 Machi

Mvua. Mkwe amekuja kula, akapulizia dawa kiti, kitasa, na mkate.

15 Machi

Nimwandike vizuri mkwe wangu, maana ni mtu mwema na nisingependa nionekane namcheka. Mtaa unamwita Sanitaiza. Chupa yake ya kupulizia inaning'inia mkandani kama bastola. Pesa anazipokea kwa kibanio cha nguo. Mteja akimpa simu iliyoharibika, anaipulizia kwanza, anaiacha juani, ndipo aiulize inaumwa nini. Binti yangu anasema hata yeye hupuliziwa akitoka sokoni.

Mimi namtetea. Nawaambia watu: mngekiona kituo cha chanjo, msingemcheka.

Siku ile ya sindano ya pili tulikaa kwenye benchi moja lenye unyevu ambao hakuna aliyetaka kuuliza umetoka wapi. Ndoo ya pamba zilizotumika ilikuwa imejaa, na juu yake mtu alikuwa ameweka andazi lake. Kioo cha kubonyezea kidole tulikibonyeza sote, na kila baada ya watu kumi karani alikifuta kwa kitambaa kilekile alichofutia jasho la shingo yake. Wakati wote huo ukutani kulikuwa na bango: Usafi ni Uhai. Nilirudi nyumbani nikanawa mpaka kiwiko. Dawa iliyo ndani ya sindano naiamini, maana naijua inavyofanya kazi. Mikono iliyoishika ndiyo iliyonitia kichefuchefu.

Mama Mitumba, jirani wa nyumba ya tatu, rika langu, alikataa kuchanjwa. Ana kisukari, na mtu kamwambia sindano hiyo na ya kisukari zinapigana ndani ya mwili. Nilimchorea mpaka mishipa ya damu kwenye mchanga. Alitikisa kichwa kwa heshima yote, akaenda zake.

19 Machi

Ngazi yangu imerudi, kipago kimoja hakipo. Aliyeiazima anasema aliichukua hivyohivyo.

Sisi mtaani tunaazimana kila kitu. Sufuria kubwa ni ya mjane wa fundi bomba, toroli ni la kinyozi, ngazi ni yangu, na koti moja jeusi la picha za pasipoti halijulikani tena lilikuwa la nani. Hakuna anayeomba mara mbili. Huwa nawasifu kwa hilo mbele ya wageni.

24 Machi

Dada ameanguka.

Alikuwa anatoa maji yaliyoingia kwa mvua, akateleza, nyonga ikavunjika. Jirani yake, mama mmoja fundi cherehani, ndiye aliyenipigia. Hospitali yao imejaa wagonjwa wa huu ugonjwa, wakamfunga, wakamrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu.

"Anakutaka wewe," akasema fundi. "Mimi nitamlisha, Mwalimu, hilo nalifanya. Lakini kumgeuza na kumsafisha siwezi peke yangu, ni mzito na anapiga kelele. Na mimi nina wanangu."

Akampa Dada simu.

"Wewe mtoto," akasema. Nina miaka sitini na nane na bado ananiita mtoto. "Utakuja lini?"

"Ijumaa daraja likifunguliwa, Dada. Niko njiani."

"Usije na maelezo. Njoo na mikono."

Nimefunga mfuko: shuka, sabuni, glavu, poda. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Mtu aliyevunjika nyonga lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana, awe mkavu. Asipogeuzwa, uzito wake mwenyewe unabana damu, nyama inakufa palepale alipolalia.

26 Machi, Ijumaa

Niliamka kabla ya adhana na kabla ya jogoo. Mkwe alinipa karatasi yenye mraba wangu, ameiweka ndani ya plastiki safi. Alinipa huku anatazama pembeni, nikadhani ni huruma.

Foleni darajani ilianza tangu kwa wauza viatu. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile inayolowesha bila kelele. Mbele yangu mtu alikuwa akikohoa na kutema kwenye kopo la maziwa alilolibeba kwa kazi hiyo tu, kisha analifunika, analiweka mfukoni. Maji ya mto yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, yamebeba magogo.

Afisa wa afya wa darajani ni kijana mnene mwenye ukucha mrefu kwenye kidole cha mwisho. Anaishusha barakoa ili akohoe, kisha anaipandisha ili azungumze. Alimulika karatasi yangu. Akaitazama mashine. Akamulika tena.

"Bibi, shikamoo. Unatoka wapi?"

"Marahaba. Natoka hapa, nakwenda kule."

"Haiwezekani. Wewe uko kule."

"Mimi niko hapa mbele yako."

"Naona." Lakini hakuwa akinitazama, alikuwa anatazama mashine. "Inasema umevuka tarehe kumi na mbili. Hujarudi. Mtu hawezi kuvuka kabla hajarudi."

Nilimweleza pole pole, kama darasa la kwanza: kwamba mtu mmoja hawezi kuwa pande mbili za mto, na kwamba akilinganisha kitambulisho na uso wangu atapata jibu. Nikashusha barakoa.

"Pandisha barakoa, Bibi! Unataka kuniua?"

Watu nyuma wakaanza kuguna. "Bibi, kama umeshavuka si urudi tu nyumbani ukapumzike!" Kicheko. Mwingine: "Mwacheni, anataka kujisalimia!"

Akanisukumia karatasi kwa ukucha ule.

Nimemwambia fundi kwa simu kwamba nimezuiwa, mashine ina hitilafu, Jumanne nitajaribu tena. Amesema sawa.

27 Machi

Mkwe anasema ni mtandao. "Mvua hii, mama, inachanganya minara." Alizungumza huku anapulizia kaunta ambayo ilishakuwa inang'aa. Binti yangu alikuwa nyuma anapanga makava ya simu, na hakugeuka kunisalimia.

Mvua haichanganyi tarehe. Nilitaka kumwambia, nikaacha.

30 Machi, Jumanne

Daraja halikufunguliwa. Mto umepanda, wanasubiri ushuke.

Nimempigia fundi. Sauti yake imebadilika.

"Bado uko upande huo, siyo?" akasema.

"Niko huku, mwanangu. Daraja limefungwa."

"Haya. Endelea kuwa huko." Akakata.

Dada hapokei kabisa.

1 Aprili

Hakuna anayepokea. Kutoka dirishani kwangu naona kamba yake ya nguo haina kitu.

2 Aprili, Ijumaa

Leo mashine imetoa nyekundu.

Afisa aliruka nyuma na kiti chake. Walinipulizia dawa mimi, mfuko wangu na mahali niliposimama, na foleni nzima ikafunguka kunipisha kama vile nimebeba mzoga. Nikauliza nimeugua lini. "Juzi," akasema kwa mbali, "huko kambini kwao. Siku kumi na nne usisogee hapa. Na huko kambini nako usitoke."

Nikamwambia, "Mwanangu, husikii unachokisema?"

"Bibi, mimi siandiki. Mimi namulika."

Nimefundisha watu wa namna hii. Nimewapa alama.

4 Aprili

Nimejua.

Alasiri nilikwenda dukani kuchukua chaja ya redio. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Ndani alikuwamo binti wa Mama Mitumba, analia, na kisanduku cha barafu miguuni.

"Kaka, atakufa! Amenipigia, anasema anakunywa maji ndoo nzima na bado kinywa kikavu. Dawa hizi nizipitishie wapi?"

"Nimekuambia subiri," mkwe akasema. "Siku kumi na nne zikiisha watamtoa tu. Ukipeleka dawa ya kisukari wataanza kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Cheti chake kinasema hana kisukari!"

Nikasukuma mlango. Nikasema, "Mwenye cheti hana kisukari. Kweli. Mwenye cheti ana shinikizo la damu kidogo na masikio yanayosikia vizuri."

Mkwe alishika chupa yake. Nadhani mkono ulikwenda wenyewe.

Nilielezwa hivi. Mama Mitumba alikuwa na marobota ya nguo yaliyolala ng'ambo. Hakuchanjwa, hana cheti. Akamjia mkwe kama mtu anayekuja kuazima ngazi. Umri wetu mmoja, umbo moja, na barakoa inafunika kilichobaki. Mkwe akamchapia mraba wangu na nakala kivuli ya kitambulisho changu. Angekaa siku tatu, soko likawa zuri, akachelewa. Juzi juzi wakapima watu sokoni, akakutwa na ugonjwa, wakampeleka kambini kwa jina langu. Sindano zake za kisukari zimekwisha, na anaogopa kusema kwa sababu kila neno la rekodi iliyo mbele ya wauguzi ni la mwili wangu.

"Alikupa nini?" nikamuuliza mkwe.

"Hakunipa chochote, mama! Wallahi hata soda. Ni jirani."

Ningefurahi kama angekuwa amelipwa. Mtu aliyelipwa unajua utamweka wapi. Huyu alifanya kwa wema, kwa kitu cha mwenzake.

Binti yangu ndiye aliyemaliza kunivunja. Alitoka nyuma, akasimama kati yetu.

"Mama, kilikuwa kimekaa bure. Ulikuwa hukitumii."

"Dada yangu yuko kitandani."

"Wakati ule alikuwa hajaanguka! Tungejuaje? Na kusema kweli tulishukuru. Umri wako huo, uende kwenye ugonjwa kule? Tuliona bora kikwame."

"Kwa hiyo tarehe ishirini na sita, nikiwa nasimama mvuani, mlikuwa mnajua."

Mkwe akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ukilisema hili watanifunga. Watafunga duka. Wajukuu zako watakula nini? Zimebaki siku chache tu rangi irudi."

Nilitazama mikono yake. Ni mikono safi kuliko yote niliyopata kuona, kucha zimekatwa, ngozi imechubuka kwa dawa. Anapulizia kitasa cha mlango, kisha anamvalisha mtu jina langu bila hata kulifua. Na yule mwanamke kule, mate yamekauka, sukari inapanda katika damu, anaambiwa asubiri rangi.

Nilitoka nikatapika nyuma ya duka, kwenye mfereji. Sisemi kwa mfano.

5 Aprili

Leo si siku ya daraja, lakini afisa hukaa kibandani mwake. Nilimkuta anakula, barakoa imening'inia sikioni ikichovya mchuzi. Binti wa Mama Mitumba nilimchukua, na kisanduku chake. Alikikumbatia njia nzima.

Nilimweleza afisa yote, bila jina la mkwe. Alisikiliza, akafuta midomo.

"Bibi, nikuombe kitu. Tuyaache."

"Tuyaache vipi?"

"Rangi itarudi yenyewe. Huyo naye atatoka. Tukiandika, mimi nitaulizwa: ulimtazama uso?"

"Ulimtazama?"

"Mashine ilitoa kijani."

"Sikuulizi mashine."

Akaanza kukusanya mifupa yake kwenye karatasi. Nikaketi kwenye benchi lake, nikaweka mfuko magotini. Nikamweleza kinachotokea kwa mtu wa kisukari anayekosa dawa huku ana homa: jinsi mwili unavyoshindwa kula sukari iliyojaa damuni, unavyoanza kula mafuta yake wenyewe, damu inavyogeuka tindikali, pumzi inavyonuka kama matunda yaliyoharibika, kisha usingizi. Nikamwambia huo usingizi una mwisho mmoja, na siku hiyo swali atakaloulizwa litakuwa jingine. Nikamwambia pia kwamba sina pa kwenda, maana kwa mashine yake niko ng'ambo.

Akapiga simu kambini. Akaweka sauti kubwa.

"Mwalimu?" sauti ya muuguzi ikasema. "Yuko. Tangu jana amelala tu. Anakunywa maji sana, tumedhani ni homa."

Niliinama kwenye simu. "Mwalimu ni mimi. Huyo uliye naye ana kisukari na hajachoma sindano siku kadhaa. Mpime sasa hivi."

Nikasikia viatu vikikimbia.

Binti akasema jina la mama yake ndani ya simu ile, jina lake kamili, mara tatu, kama mtu anayemwita mtoto aliyepotea sokoni.

Kisha afisa alichukua karatasi na kuniuliza nani alichapa. Nikautazama mfuko magotini. Nikamwambia ni mume wa binti yangu.

6 Aprili

Duka limefungwa kwa utepe wa njano. Mkwe amechukuliwa kuhojiwa. Binti yangu alipita mbele ya mlango wangu na wanawe, akawashika mikono ili wasiniamkie.

7 Aprili

Asubuhi nimefungua mlango nikakuta vitu vyangu vimerundikwa mvuani. Ngazi, na kile kipago kilichopotea kimefungwa juu yake kwa kamba. Mwavuli nilioazimisha mwaka juzi. Beseni, pasi, chujio, kitabu cha hesabu cha mtoto wa kinyozi nilichompa moja kwa moja. Wamenirudishia kila kitu. Ndani ya beseni mtu ametema.

Nilikuwa nawasifu watu hawa mbele ya wageni.

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwake.

"Mwalimu, umemchongea mwanao mwenyewe," akasema. "Kwa karatasi."

"Mama Mitumba hajambo?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Hajambo. Amefungua macho jana jioni. Nimepiga simu. Kwenye mtaa mzima huu ni mimi tu niliyeuliza."

Akaingia ndani.

9 Aprili

Mvua. Mvua. Harufu ya choo cha jirani imeingia mpaka kwenye blanketi.

Nimemwandikia fundi ujumbe mrefu, kwamba cheti changu kilitumiwa na mtu mwingine. Jibu lake lote ni hili: "Mwalimu hakosi maelezo."

Sielewi hasira yake. Kuchelewa nimechelewa, lakini hasira hii ni ya jambo jingine.

13 Aprili

Mkwe ametoka. Atalipa faini, duka litabaki limefungwa mpaka mvua ziishe. Alikuja mpaka kizingitini, hakupulizia chochote.

"Mama, nisamehe."

Nilimwambia aingie anywe chai. Alikunywa. Sikuweza kumtazama akimeza. Msamaha upo, nadhani, lakini kinyaa nacho kipo.

Kusahihisha rekodi, wanasema, ni siku saba za kazi. Kuichafua ilikuwa ni kumulika mara moja.

16 Aprili, Ijumaa

"Inachunguzwa."

20 Aprili, Jumanne

Kijani.

Afisa, safari hii, alishusha macho toka kwenye mashine, akanitazama usoni kwa muda mrefu, akatazama kitambulisho, akanitazama tena. "Ni wewe," akasema, kama mtu aliyegundua kitu.

Katikati ya daraja nilikutana na Mama Mitumba anarudi, ameshikwa na binti yake. Amepungua, gauni linamcheza. Tulisimama hatua mbili, kama sheria inavyotaka.

"Mwalimu," akasema, "jina lako limenitesa. Wauguzi kutwa shikamoo Mwalimu, shikamoo Mwalimu. Mpaka mmoja kaniletea hesabu za mwanawe."

"Ukafanyaje?"

"Nikajifanya nimezidiwa."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha akaanza kulia, nami nikapita, maana nilikuwa na haraka.

Mlango wa Dada ulikuwa wazi. Harufu ilinipokea kabla ya mtu. Nitaiandika ilivyo, kwa sababu ni kweli: mkojo wa zamani, usaha, na chini yake ule utamu mzito wa nyama inayokufa. Fundi alikuwa akimlisha kwa kijiko, leso imefungwa puani. Aliponiona aliweka bakuli chini, akatoka bila salamu.

Dada alikuwa ameelekea ukutani.

"Dada."

"Umechoka kutembea mjini?" akasema. Sauti ndogo.

"Nimefika sasa hivi."

"Usinidanganye. Fundi alikwenda darajani kukuulizia. Wakamfungulia mashine yao, wakamwonyesha jina lako. Umeingia tarehe kumi na mbili." Akavuta pumzi. "Kabla hata sijaanguka. Nimelala hapa wiki nne nasikia watu wanapita barabarani, najiambia mmoja wao ni yule mtoto. Yuko mji huu huu. Hataki tu kunishika."

Nilifungua mdomo. Maelezo yote nilikuwa nayo, kwa mpangilio, kuanzia kwenye dirisha na cheti. Nikafunga mdomo. Nikavua viatu, nikabandika maji.

Nilimgeuza. Alipiga kelele. Shuka ilikuwa imegandana na mgongo, nikailowesha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi mpaka ikaachia yenyewe. Chini ya kiuno kuna kidonda ambacho ngumi yangu ingeingia, kingo nyeusi, katikati njano, na ndani kabisa kitu cheupe ambacho najua ni nini. Kingine kisiginoni. Hivi havikuletwa na nyonga, vililetwa na siku alizolala bila mtu wa kumgeuza.

Msimu mzima nimetiwa kinyaa na ndoo, kopo, ukucha, mate ndani ya beseni, mikono safi. Hapa nilikuwa nimeinama juu ya kidonda, uso karibu kabisa, nasafisha kwa pamba, na sikusikia kinyaa hata kidogo. Niligundua hilo nilipokuwa nikikamua pamba ya mwisho.

22 Aprili

Daktari amekuja, kwa shida. Amekata nyama iliyokufa, ameacha dawa. Anasema Dada ana moyo imara kama wa ng'ombe, atapona akigeuzwa na kidonda kisipoingia damuni. Hajasema lini. Namgeuza kwa saa, fundi anasaidia upande wa miguu. Jana nilimweleza fundi yaliyonipata, akakaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa kanga.

Leo asubuhi, nikimpaka poda, Dada akauliza, bado ameelekea ukutani:

"Nani huyo aliyekuwa anaitwa wewe?"

"Jirani. Walimwazima cheti changu."

"Bila kukuuliza?"

"Bila kuniuliza."

Akasema, "Hayo ndiyo maelezo mafupi kuliko yote uliyowahi kunipa," na mkono wake ukatafuta nyuma mpaka ukapata magoti yangu.

Mvua imekatika. Dirishani naona upande wangu wa mto, nyumba yangu, na ngazi imelala uani ilipotupwa.

Binti yangu kapiga simu. Hakuomba radhi. Aliuliza tu, "Mama, vile vyeti vya wazee wengine bado viko kwenye simu ya mume wangu. Tuvifanyeje?" Nimemjibu, na jibu hilo ni la kila mtu ambaye cheti chake kinashikwa na mtu mwingine, hata awe mtoto wako, hata awe mwema kiasi gani: nenda leo kituo cha chanjo na kitambulisho chako, wakiandikishe upya kwa namba yako mwenyewe ya simu.